Usingizi wa Rejareja

Dobi alijua mambo ya watu kuliko mpiga ramli, na hakuwahi kumuuliza mtu swali hata moja. Alikuwa anafua mashuka ya gesti. Kila asubuhi furushi lilitupwa uani kwake, na kabla beseni halijajaa maji alikuwa ameshajua nani alilala peke yake, nani aliaga kwake kuwa yuko safari ya kikazi, na nani alikula kuku kitandani akajifutia vidole kwenye pindo la shuka akidhani shuka halina mdomo.

Habari zote hizo zilikuwa na msikilizaji mmoja tu, mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Bibi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwekea ukungu machoni, kisha ukamgomesha miguu, akawa mtu wa kitandani. Ulimi peke yake ndio uliobaki na afya, na huo ulifanya kazi ya viungo vyote vilivyostaafu. Kitanda chake kilisogezwa hadi dirisha la uani ili asikie maji yakimwagika na watu wakipita.

"Lete gazeti," alikuwa akisema kila asubuhi akishamaliza chai yake isiyo na sukari, ambayo aliiita maji ya kuoshea vikombe.

Dobi anainua shuka moja moja dirishani na kumsomea. "Hili la chumba cha mwisho, mama: foronya moja ina rangi ya mdomo, ya pili ina mafuta ya nywele, na katikati ya shuka pamenyooka vilevile nilivyopapiga pasi."

"Waligombana," Bibi anatoa hukumu. "Mwanamke kaona kitu kwenye simu. Endelea, ukurasa wa pili."

Ndivyo walivyoishi, mkwe na mkwe, katika vyumba viwili na ua. Mtoto mkubwa wa Bibi, mume wa Dobi, alikuwa amefariki zamani, na watu walitegemea mjane atafunga mizigo yake arudi kwao. Hakurudi. Hakuna aliyemwomba abaki wala aliyemwambia aondoke. Kesho yake baada ya maziko kulikuwa na nguo za kufua, akafua. Wakati anaanika alikuwa na tabia ya kubana vibanio vya nguo kwa meno, vitatu vinne kwa mpigo, na hapo humpati neno hata umwambie nyumba inaungua. Bibi alikuwa akimpigia kelele kutoka dirishani atoe hayo magego ya bandia waongee.

Sindano ya kushusha sukari ilikuwa mara mbili, asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Ya asubuhi Bibi aliichukua bila maneno. Ya jioni ilikuwa na mchezo wake.

"Umeshanichoma," Bibi anasema akisikia tu kikopo cha sindano kikifunguliwa.

"Sijakuchoma, mama."

"Umenichoma sasa hivi. Umesahau. Akili yako umeiacha kwenye beseni."

"Haya, mwongo wangu, geuka."

Na Bibi anageuka, anafinya uso, na kuulaani ukoo mzima wa aliyebuni sindano. Mchezo huo haukupita jioni bila kuchezwa. Kwa wawili hao ulikuwa ndio salamu ya kufungia siku.

Basi mwenye gesti akanunua gesti ya pili. Alikuja mwenyewe uani, akasimama pembeni asichafue viatu, akasema anataka mashuka ya nyumba zote mbili yafuliwe na mkono mmoja, yarudi meupe na yamenyooka kila siku. Ambaye hawezi zote, basi asihangaike hata na ile moja. Alisema kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chakula. Kodi ya vyumba na kichupa cha dawa ya Bibi vyote vilitoka katika mashuka hayo. Kuweka mtu wa kusaidia kungekula faida yote, na kabla ya mwezi kwisha angekula na mtaji. Dobi akasema ataweza.

Aliweza kwa juma moja. Baada ya hapo ikawa anaanika mashuka ya jana wakati ya leo yanalowekwa, na pasi haipoi. Hapo ndipo aliposhauriwa na shemeji yake.

Shemeji huyu, mtoto mdogo wa Bibi, aliitwa Redio, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alikuwa mlinzi wa ghala. Kazi yake ilikuwa kukesha, na kwa kuwa ghala halikuwahi kuibiwa hakuna aliyegundua kwamba analala pale fofofo hadi ndege wa asubuhi wamwamshe. Mchana, akiwa ameshalala vya kutosha, alisikiliza mambo kwenye simu na kuwasambazia wengine bure.

Alimweleza Dobi kwamba kulala usiku kucha ni tabia ya kizamani. Watu wenye maendeleo yao huko duniani wameacha kununua usingizi kwa jumla. Wananunua rejareja: unalala kidogo, kama muda wa kuchemsha maharage yaliyolowekwa, unaamka unafanya kazi saa chache, unalala tena kidogo, unaamka. Mchana hivyo, usiku hivyo. Mwili unalalamika mwanzoni, lakini ukishazoea unakuta umepata usiku mzima wa kufanyia kazi, usiku ambao wenzako wanautupa.

"Shemeji, wewe unalala muda mrefu kuliko maiti," Dobi alimwambia.

"Mimi sina haraka ya maendeleo," Redio akajibu, bila aibu. Kesho yake akamletea saa ndogo ya kengele, ya kutegwa kwa ufunguo, inayoenea mfukoni mwa aproni.

Bibi alisikia yote kutoka kitandani. Alisema mwanawe analipwa asilale, analala. Halafu anakuja kumnyang'anya usingizi mtu ambaye kwa kukesha halipwi. Lakini Dobi alikuwa ameshaitega saa.

Siku za mwanzo zilikuwa za mateso. Kengele ikilia alikuwa akiamka akiwa hajui kama ni alfajiri au alasiri, wala kama yule aliyekaa kwenye furushi la mashuka ni yeye au mtu mwingine. Macho yalimwasha kama amepakwa sabuni. Alilala popote saa ilipomkuta: juu ya mashuka yaliyokunjwa, chini ya meza ya pasi, mara moja amekaa wima na kichwa kimeegemea pipa. Kisha, kama Redio alivyoahidi, mwili ukanyamaza. Mashuka yakaanza kurudi kwa wakati. Mwenye gesti akamsifu. Dobi akajiona kama mtu aliyeokota siku ya ziada njiani, na mwenye nayo hajatokea kuidai.

Kilichokuja baada ya hapo ni ndoto.

Hazikuwa ndoto za kuruka angani wala za kuokota lulu. Zilikuwa ndoto za kazi. Akifumba macho tu zinaingia, kama zilikuwa zinamsubiri mlangoni. Anaota anasuuza, anakamua, anaanika; kengele inalia, anaamka amechoka mikono, anakuta beseni lile lile limejaa na hakuna kilichosuuzwa. Mwanzoni alicheka. Alimwambia Bibi kwamba sasa anafua zamu mbili na moja hailipwi.

Halafu akaota amemchoma Bibi sindano. Aliota kila kitu, hadi mchezo wao wa maneno na Bibi akifinya uso. Akaamka akiamini ameshachoma, akaendelea na pasi, akampa Bibi chakula. Jioni iliyofuata akaota tena hivyo hivyo. Siku ya tatu Bibi alikuwa anakunywa maji kama mtungi uliotoboka, akatapika, na maneno yake yakawa mazito. Ikabidi wamkimbize kliniki.

Nesi wa kliniki hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Alimwambia Dobi kwamba dawa hiyo haitaki mchezo. Ikikosekana ni shida hii unayoiona, inarekebishika. Ikizidi ni shida kubwa zaidi, kwa sababu ikizidi inamzima mtu kama taa, na anazimika kimya kimya.

"Usichome kwa kukumbuka," nesi alisema. "Kumbukumbu ya mtu aliyechoka ni takataka. Weka alama unayoishika kwa mkono."

Dobi aliitafuta alama hiyo njia nzima ya kurudi, na alipofika uani akaiona. Vibanio vyake vyote vilikuwa vya plastiki isipokuwa kimoja cha mti, ambacho waya wake ulilegea zamani na marehemu mumewe akakifunga kwa uzi mwekundu badala ya kukitupa. Akakitoa kwenye kamba. Kanuni ikawa hii: akishachoma sindano ya jioni, anabana kibanio cha uzi mwekundu kwenye pazia la dirisha la Bibi. Asubuhi anakibandua na kukiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Kibanio kikiwa kwenye pazia, Bibi ameshachomwa. Kisipokuwepo, bado. Kichwa chake mwenyewe asikiulize tena.

"Kwa hiyo mimi siku hizi naaminiwa chini ya kibanio," Bibi alisema alipoelezwa.

"Kibanio hakidanganyi kila jioni, mama."

Wakacheka wote wawili, Bibi akakohoa mpaka machozi.

Redio alipohadithiwa habari za ndoto alisema hizo ni dalili nzuri, ni mwili unazoea. Dobi akaendelea. Kibanio kilifanya kazi yake vizuri. Yeye ndiye aliyeanza kufifia. Buluu ya kung'arishia nguo ikamzidi mkono, mashuka ya gesti moja yakarudi na rangi ya shati la mwanafunzi. Pasi ikaacha alama ya ulimi wake kwenye foronya. Alikuwa akisimama katikati ya ua ameshika shuka na hajui kama analianika au analianua. Na gazeti la asubuhi likafa. Mashuka yalikuja na siri zake na kuingia majini nazo bila kusomwa.

"Siku hizi wageni hawalali?" Bibi aliuliza.

"Wanalala, mama. Mimi ndiye sina nafasi."

Bibi akamwambia alale usiku mmoja tu, usiku mzima, kama binadamu. Yeye Bibi atakaa macho kwa niaba yake, maana hana kazi nyingine. Dobi akamweleza kwamba akilala usiku mmoja ataharibu mpango wote, mwili utaanza upya kulalamika, na mashuka yatampita asiyakamate tena. Alisema atalala vizuri kazi ikipungua. Alisema hivyo huku kichwa kinadondoka, na saa ya mfukoni ikalia katikati ya maneno yake.

Siku yenyewe gesti zote mbili zilijaa. Kulikuwa na mkutano mkubwa mjini, wajumbe wamekuja kutoka mbali na kila mjumbe na jasho lake. Furushi lilikuja mara mbili. Dobi alifua hadi vidole vikakunjamana, akaanika kamba zote, akafunga na kamba nyingine kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo ya choo, na vibanio vikaisha.

Jioni ilipokaribia alimchoma Bibi mapema ili awe huru. Walicheza mchezo wao haraka haraka. Akabana kibanio cha uzi mwekundu kwenye pazia, akamlisha Bibi nusu sahani, Bibi akasema ametosheka. Dobi hakuwahi kuacha chombo kichafu hata akiwa amekufa nusu. Akaiosha sahani na kijiko, akavifunika mahali pake. Kisha akajilaza juu ya mashuka yaliyokunjwa, saa ikiwa imetegwa.

Hakupata hata nusu ya usingizi wake. Upepo ulivuma ghafla na mashuka yakaanza kupiga makofi uani kama mkutano wenyewe umehamia pale. Dobi akatoka mbio, macho yamefumba nusu. Shuka moja lilikuwa limening'inia kwa ncha, jingine linaburuta chini. Alisogeza vibanio, akabana mashuka mawili kwa kibanio kimoja, akapapasa mfukoni hakuna kitu, akapapasa ukutani, dirishani, mkono ukapata kimoja, akabana, akapata ahueni. Hakuna shuka lililoanguka matopeni. Akarudi ndani, akaitega saa upya, akalala kama mtu aliyesukumwa shimoni.

Kengele ilipolia giza lilikuwa linaingia. Alikaa, akajikuna uso, akajiuliza ni saa ngapi na kazi gani inafuata. Akaenda kwa Bibi. Akatazama pazia.

Pazia lilikuwa tupu.

Katika kichwa chake alijiona waziwazi akimchoma Bibi, akisikia na maneno yao, akiosha na sahani. Alijiona vizuri kupita kiasi. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyemshika mwizi anayemjua. Hii ndiyo ndoto yenyewe, akajiambia, safari hii hunipati. Akafungua kikopo cha sindano.

"Umeshanichoma," Bibi akasema.

"Sijakuchoma, mama."

"Umenichoma, mwanangu. Leo kweli."

Hata hilo la leo kweli lilikuwa limewahi kusemwa, na la naapa, na la muulize jirani. Dobi akamwambia haya mwongo wangu, geuka. Bibi alichelewa kidogo kugeuka. Alinyoosha mkono akapapasa hewani upande wa dirisha, kana kwamba naye anakitafuta kibanio, na mkono haukufika. Kisha akageuka. Hakulaani mtu.

Dobi akapapasa kizingiti cha dirisha ili akibane kibanio, hakukikuta, akafikiri kimeanguka, atakiokota kukicha. Chakula Bibi alikula vijiko viwili akafunga mdomo, akisema amekwisha kula, tumbo si furushi. Dobi hakuwa na muda wa kubembeleza. Mashuka ya kwanza yalikuwa yamekauka na yanasubiri pasi.

Alipiga pasi chumba cha pili, mlango wa katikati ukiwa wazi. Baada ya muda Bibi akaanza kuongea. Alimwita mtoto wake mkubwa, yule aliyefariki, akimwambia afunge dirisha, upepo unaingia.

"Amekwenda dukani, mama," Dobi akajibu huku akigeuza shuka, akijua ni utani mpya, na akafurahi kuwa Bibi amechangamka.

"Mwambie asikawie," Bibi akasema. Kisha akasema maneno mengine yasiyoshikana, kisha akanyamaza.

Dobi alipokwenda kumchungulia alimkuta amelala, anakoroma kwa sauti nene. Paji la uso lilikuwa limelowa jasho na shingo pia. Chumba kimepata joto la pasi, akafikiri. Akafungua dirisha zaidi, akachukua pindo la shuka safi, akamfuta jasho polepole asimwamshe. Alisimama pale kidogo akimtazama kwa wivu. Angalau mmoja wetu analala kwa jumla, akajisemea. Kisha saa ikalia kumwambia zamu yake ya kulala imefika, akaiziba haraka kwa kiganja ili isimsumbue mgonjwa, akaenda kwa kunyata, akajilaza chini ya meza ya pasi.

Redio ndiye aliyemkuta Bibi. Alikuwa na desturi ya kupita kumsalimia mama yake kabla ya kwenda kwenye kazi yake ya kulala. Alimsalimia, akarudia, akamshika mkono na mkono ulikuwa wa baridi na umelowa. Akaita. Dobi aliamka akagonga kichwa kwenye meza, akaja akitambaa. Walimtikisa. Walimpaka sukari ndani ya shavu kwa kidole, kama nesi alivyowahi kuwafundisha, na sukari ikatoka na mate. Jirani mwenye gari akaitwa. Dobi alikaa kiti cha nyuma na kichwa cha Bibi mapajani, na njia nzima alikuwa akimwambia, mama, lete gazeti, sema lete gazeti.

Hospitalini waliweka dripu. Daktari akauliza mgonjwa amechomwa mara ngapi leo.

"Asubuhi mara moja na jioni mara moja," Dobi akasema.

"Una hakika?"

"Nina alama yangu. Nilihakikisha."

Daktari alimtazama Dobi machoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida, macho yaliyokuwa mekundu kama nyanya, kisha akarudi kwa mgonjwa. Akasema amekaa bila fahamu muda mrefu, wasubiri.

Kwenye korido kulikuwa na benchi la mbao. Dobi alikaa hapo ili asubiri. Usingizi ulimjia bila kubisha hodi. Haukuwa wa rejareja. Ulikuwa wote kwa pamoja, ule wa miezi yote, umekuja kudai chake. Saa ya mfukoni ililia, ikalia hadi ufunguo ukaisha, na Dobi hakutikisika. Wagonjwa wakapita, vitanda vya magurudumu vikapita, mtu akamfunika kwa blanketi. Alilala usiku mzima kama binadamu. Hakuota kitu.

Redio alimwamsha kukiwa kumekucha, jua liko kwenye vioo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa amekesha, na uso wake ulikuwa umezeeka kwa usiku mmoja. Alikaa karibu naye kwenye benchi kabla ya kusema. Bibi ameondoka alfajiri. Kabla ya hapo alifumbua macho kidogo, hakusema mengi, aliuliza Dobi yuko wapi. Wakamwambia amelala nje hapo, wamwite?

"Akasema msimwamshe," Redio alisema. "Akasema, mwacheni alale."

Nyumbani watu walikuja kama watu wanavyokuja, wakajaza vyumba viwili na ua. Wanawake walimkalisha Dobi chini wakamkataza kugusa kazi. Redio, ambaye alikuwa amerudishiwa sauti yake, alimhadithia kila aliyeingia jinsi ilivyokuwa, na kila mara hadithi iliongezeka urefu. Alisema ugonjwa wa sukari hauna adabu. Alisema pia kwamba wao kama ukoo hawana la kumlipa shemeji yao, maana mtoto wa tumboni asingefanya vile. Amemtunza mama, sindano hakukosa hata moja.

Siku ya pili akaja mtu wa gesti. Alitoa pole ya bosi wake, akanywa maji, akakohoa, akauliza kama mashuka yale ya siku ile yanaweza kupatikana, kwa sababu vitanda viko wazi. Hapo ndipo watu walipoyakumbuka. Yalikuwa bado yananing'inia kwenye kamba, yameshapigwa na umande na jua, na kuku wamepita chini yake. Dobi akainuka. Wanawake walimzuia, akasema afadhali mikono ifanye kitu.

Alianzia kamba ya mlangoni. Alibandua kibanio, akakitia menoni, akavuta shuka, akalikunja begani. Kibanio kingine, shuka jingine. Vile vya plastiki vilikuwa vya bluu na vya njano vilivyopauka. Alifika kwenye kamba iliyopita mbele ya dirisha la Bibi. Ndani, kitanda kilikuwa kimevuliwa godoro. Shuka la pale lilikuwa limebanwa ncha moja kwa plastiki, na ncha ya pili, iliyo karibu na dirisha, ilibanwa kwa kibanio cha mti chenye uzi mwekundu.

Dobi alikitazama. Kwa muda mfupi alijiuliza kama anaota, na akasubiri kengele ilie. Haikulia. Redio ndiye aliyeitoa mfukoni mwake kule hospitalini, na haikuwa imetegwa tena. Upepo ulilisukuma shuka kidogo kuelekea dirishani, likagusa pazia, likarudi.

Akakibandua kile kibanio, akakitia menoni pamoja na vingine, akaendelea. Alianua kamba hiyo yote. Alianua na ile ya chooni. Redio alikuwa kwenye mlango wa ua na wageni wapya, wajomba kutoka mbali, akiwaelezea tangu mwanzo, na alipofika pale pa sindano aligeuka amtafute shahidi.

"Si ndiyo, shemeji? Hukukosa hata siku moja."

Dobi alikuwa na mashuka begani na mdomo umejaa vibanio. Wajomba walimtazama kwa heshima, wakisubiri. Angeweza kutikisa kichwa tu, na watu wangeliita jibu. Alitema vibanio kwenye kiganja, kimoja kimoja, vya plastiki akaviacha vianguke, na kile cha uzi mwekundu akakishika.

"Aliniambia nimeshamchoma," alisema. "Ilikuwa kweli."

Redio alikitazama kibanio, kisha dirisha, kisha kamba, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Wajomba hawakuelewa, wakatazamana. Nje, mtu wa gesti alikohoa tena, akauliza kwa upole kama mashuka yako tayari.